Kabla ya kuandika dawa, jifunze kuuliza

Bila shaka umewahi kukutana naye. Kijana mwenye kalamu na karatasi nyingi anabisha hodi nyumbani kwako, au anakuketisha kwenye benchi la kliniki na kuanza kukuuliza: Una watoto wangapi? Je, mlilala ndani ya chandarua usiku wa jana? Ulijifungulia wapi? Unajibu, anatia alama, anakushukuru na kwenda zake. Baadaye unasikia redioni kwamba akina mama kadhaa kati ya kila mia moja hawafiki hospitalini kwa wakati. Lakini je, kuna yeyote aliyekuuliza ni kwa nini?

Juma hili tutazungumzia utafiti unaouliza swali hilo. Wataalamu huuita utafiti wa kimaelezo, kwa sababu mavuno yake ni maelezo ya watu wala si tarakimu. Ni somo ambalo wauguzi, maafisa wa kliniki, wafamasia na madaktari wengi hukutana nalo kwa mara ya kwanza wanaporudi chuoni kusomea shahada ya uzamili, hasa ya afya ya umma, ambayo hufunzwa katika vyuo vikuu vyetu kama vile Nairobi, Moi na Kenyatta. Ikiwa wewe ni mhudumu wa afya unayejiandaa kwa masomo hayo, makala haya ni yako. Ikiwa wewe ni mgonjwa, yanakuhusu zaidi, kwa maana wewe ndiwe utakayeulizwa.

Usiku nisioweza kuusahau

Nilipokuwa daktari kijana katika hospitali moja ya Pwani, mama mmoja alifika usiku akiwa amembeba mtoto wa miaka miwili hivi. Mtoto alikuwa akitukutika na macho yameelekea juu. Mwili ulikuwa moto. Shingoni alikuwa na hirizi, na nguo zake zilinuka moshi wa dawa za kienyeji. Nilipoambiwa kwamba homa ilianza siku tatu zilizopita, nilipandwa na hasira. Nilimuuliza kwa sauti, mbele ya wauguzi na wagonjwa wengine: "Mama, ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Mama huyo aliangalia chini, hakunijibu. Tulifanya tulichoweza, lakini mtoto aliaga dunia kabla ya alfajiri. Katika faili niliandika kwamba ni malaria kali, kisha nikaongeza kwamba mzazi alichelewa kumleta. Nilifunga faili nikiamini kwamba nimeandika chanzo cha kifo.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda kusomea uzamili. Katika somo la utafiti wa kimaelezo, mhadhiri alitupa zoezi ambalo nililiona la kitoto. Kila mmoja wetu aende kijijini, azungumze na mtu mmoja kwa saa moja, bila hojaji na bila koti jeupe. Nilipelekwa kwa ajuza mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mwembe akipepeta mchele. Nilimwomba anieleze jinsi watoto wa pale kijijini wanavyougua na wanavyotibiwa.

Baada ya mazungumzo marefu alinitazama na kuniambia: "Mwanangu, homa tunawaletea nyinyi. Nani asiyejua kwamba homa ni ya hospitali? Lakini nyuni si homa. Mtoto wa nyuni akidungwa sindano hufa. Haya si ya kusimuliwa, tumeyaona."

Msomaji, fikiria maneno hayo kwa makini. Nyanya huyu hakuwa mjinga. Alikuwa ameona kwa macho yake watoto waliokuwa wakitukutika wakipelekwa hospitalini, wakadungwa sindano, wakafa. Kile ambacho hakujua ni kwamba watoto hao walikuwa wamefika wakiwa wamechelewa mno, na kwamba sindano haikuwaua bali ilishindwa kuwaokoa. Alikuwa na ushahidi. Kasoro ilikuwa katika hitimisho.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mama wa usiku. Siku zile tatu hakuwa amelala wala hakuwa amempuuza mwanawe. Alikuwa akizunguka naye mgongoni kutoka kwa msaidizi mmoja hadi kwa mwingine, akifuata njia ambayo kila mtu aliyemwamini alimwambia ndiyo salama. Swali langu la "ulikuwa wapi" lilikuwa na jibu, ila nililiuliza kwa namna ambayo mtu hawezi kulijibu.

Waliyoyakuta Bagamoyo

Baada ya kurudi chuoni nilielekezwa kwenye kazi iliyofanywa ng'ambo ya mpaka, katika Wilaya ya Bagamoyo nchini Tanzania. Mnamo 1996, Peter Winch na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu majina ambayo wenyeji huyapa magonjwa ya homa. Madaktari walikuwa wakisema "malaria" wakimaanisha ugonjwa mmoja. Wenyeji walikuwa na majina kadhaa. Homa ya malaria ilijulikana kuwa ugonjwa wa kawaida unaotibika kwa dawa za hospitali. Degedege lilikuwa jambo jingine kabisa. Lilihusishwa na pepo ajaye kwa umbo la ndege, na tiba yake ilitafutwa kwanza kwa mganga. Huko pia watu walihofia kwamba sindano ingemuua mtoto mwenye degedege.

Kwa daktari, mtoto anayetukutika kwa malaria ni mgonjwa yule yule aliyekuwa na homa jana, ila sasa hali imekuwa mbaya. Kwa mzazi, mtoto ameacha ugonjwa mmoja na kuingia mwingine. Sasa chukua bango linalosema kwamba chandarua huzuia malaria. Bango hilo linasema kweli. Lakini mzazi ambaye usiku hapati usingizi kwa kuhofia degedege halimgusi, kwa maana katika fikira zake malaria na degedege ni vitu viwili tofauti.

Hojaji yenye maswali mia moja haingeligundua jambo hili. Hojaji huuliza yale ambayo mwandishi wake tayari ameyafikiria, na hakuna aliyefikiria kuuliza juu ya ndege.

Tarakimu na maelezo ni ndugu

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba takwimu hazina maana. Bila takwimu hatungejua ugonjwa umeenea kiasi gani, wala dawa gani inashinda nyingine. Ninalosema ni kwamba kila chombo kina kazi yake. Kwa mfano, chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa nchini Kenya, huko Homa Bay mnamo Septemba 2019, ilitolewa kwa dozi nne, na ya mwisho ilikuja mtoto akiwa amepita umri ambao wazazi wamezoea kumpeleka kliniki. Daftari la kliniki litakuonyesha ni watoto wangapi hawakurudi kwa dozi hiyo. Lakini halitakuambia kama mama alisahau, alikosa nauli, alisemwa vibaya na muuguzi mara ya mwisho, au alidhani dozi tatu zatosha. Kila sababu kati ya hizo ina dawa yake, na ukikosea sababu utatoa dawa isiyofaa.

Ndiyo maana wanafunzi hufundishwa kanuni hii mapema: anza na swali, kisha utafute chombo. Ukitaka kujua ni wangapi, hesabu. Ukitaka kujua ni kwa nini au ni vipi, keti usikilize.

Somo lililoanzia wodini

Wengi wa wanafunzi wa udaktari hudhani kwamba utafiti huu ni wa watu wa fasihi na historia, uliopenyezwa katika afya kwa mlango wa nyuma. Sivyo. Mojawapo ya njia zake zinazotumika sana ilizaliwa hospitalini. Katika miaka ya 1960 wanasosholojia wawili wa Marekani, Barney Glaser na Anselm Strauss, waliokuwa wakifundisha katika chuo cha uuguzi cha Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, walikaa wodini wakitazama jinsi wagonjwa wanavyokufa na jinsi wahudumu wanavyozungumza nao.

Kitabu chao cha 1965 kilieleza hali nne. Kuna mgonjwa asiyejua kwamba anakaribia kufa ingawa wengine wote wanajua. Kuna anayeshuku. Kuna hali ambamo mgonjwa anajua, jamaa wanajua na wauguzi wanajua, lakini kila mmoja anajifanya hajui. Na kuna hali ya uwazi, ambamo jambo lenyewe huzungumzwa. Msomaji, ikiwa umewahi kumuuguza mzazi mwenye saratani, na mkakubaliana nyumbani kwamba "mzee asiambiwe", hali hiyo ya tatu unaifahamu bila kufundishwa. Huenda mzee naye alikuwa akiwaficha nyinyi.

Miaka miwili baadaye, mnamo 1967, walichapisha kitabu kingine kilichoeleza njia waliyoitumia. Badala ya kwenda uwanjani na nadharia mkononi na kutafuta ushahidi wa kuithibitisha, walitaka mtafiti aiache nadharia iote kutokana na yale anayoyasikia na kuyaona.

Mambo manne yanayofunzwa

Ukiingia darasani utakutana na majina mengi ya kutisha, lakini kazi yenyewe ni ya mambo manne.

La kwanza ni kuuliza. Linganisha maswali haya mawili. "Je, ulimpeleka mtoto hospitalini mapema?" Swali hili lina jibu la ndiyo au la, na linamwonyesha mama jibu unalolitaka. Sasa sikia hili: "Hebu niambie, tangu siku ile mtoto alipoanza kuugua, mambo yalikwendaje?" La pili linamwachia mama aanzie anapotaka, na mara nyingi anaanzia mahali ambapo hukupatazamia, kama vile kwa mama mkwe, au kwa mume aliye mbali na mwenye simu ya kutumia pesa.

La pili ni kunyamaza. Sisi madaktari hili hutushinda. Niliposikiliza mara ya kwanza sauti niliyoinasa kule chini ya mwembe, niliona haya. Katika dakika kumi za mwanzo mimi ndiye niliyezungumza zaidi. Mara mbili nilimkatiza nyanya ili nimsahihishe. Alipotua kuvuta pumzi nilirukia swali jingine, na lile alilotaka kusema likapotea. Mhadhiri alinishauri nihesabu moyoni hadi tano kabla ya kuuliza tena. Jaribu, utaona jinsi tano ilivyo mbali.

La tatu ni kuandika. Sauti ya saa moja huhitaji saa nne hadi sita za kunakili neno kwa neno, na zaidi ikiwa ni majadiliano ya kikundi ambamo watu wanane wanasema kwa pamoja. Hapa kwetu kuna mtego mwingine, nao ni tafsiri. Mahojiano hufanywa kwa Kigiriama, Kidholuo, Kikamba au Kisomali, kisha yanaandikwa kwa Kiingereza. Hata Kiswahili chenyewe si kimoja. Mtu wa bara akisema ana homa, mara nyingi anamaanisha mafua. Mtu wa Pwani akisema ana homa, anamaanisha mwili kuwa moto. Mwingine atakuambia "nina presha" akimaanisha ana mawazo mengi, ilhali hajawahi kupimwa shinikizo la damu. Ukiandika tafsiri peke yake umepoteza kile ulichokwenda kukitafuta. Liache neno la mwenyeji mahali pake, kisha ulieleze pembeni.

La nne ni kuchambua. Mwanafunzi husoma maandishi yake mara nyingi, hutia alama kando ya kila fungu lenye maana, hukusanya alama zinazofanana, na mwishowe huona mada zinazojitokeza. Virginia Braun na Victoria Clarke walizipanga hatua hizo kuwa sita katika makala yao ya 2006 hadi leo yanayotumiwa

na wanafunzi wengi. Siku hizi kuna programu za kompyuta, kama vile NVivo, za kuhifadhi na kupanga alama hizo. Programu husaidia kupanga. Kufikiri ni juu yako.

Watu wangapi wanatosha?

Hili ndilo swali ambalo kila mwanafunzi aliyezoea takwimu huuliza siku ya kwanza. Jibu ni kwamba unaendelea hadi pale ambapo mahojiano mapya hayakuambii jambo jipya. Mnamo 2006 Greg Guest na wenzake walirejea mahojiano 60 waliyofanya na wanawake wa Ghana na Nigeria. Waligundua kwamba karibu mada zote kuu zilikuwa zimejitokeza katika mahojiano 12 ya kwanza. Hata hivyo, usiikariri 12 kama dozi ya dawa. Wanawake wale walikuwa na mengi yanayofanana na swali lilikuwa finyu. Ukitaka kulinganisha vijana na wazee, au mjini na mashambani, utahitaji watu zaidi.

Yafaa pia ujue mpaka wa kazi hii. Ukizungumza na akina mama 15 na kumi wakakuambia wanaogopa sindano, usiandike kwamba thuluthi mbili ya akina mama wa kaunti wanaogopa sindano. Hukuwachagua kwa ajili ya kuhesabu. Unachoweza kusema ni kwamba hofu hiyo ipo, inatokana na nini, na inafanya kazi gani katika uamuzi wa familia.

Kosa jingine ni kuchuma maneno matamu yanayokubaliana na fikira zako na kuyaacha yanayokupinga. Mtafiti mwaminifu humtafuta kwa makusudi yule anayesema kinyume. Aidha, hueleza yeye mwenyewe ni nani, kwa sababu mama anayehojiwa na daktari hatajibu kama anayehojiwa na jirani. Tangu 2007 kuna orodha ya mambo 32 ambayo mwandishi wa utafiti wa mahojiano anapaswa kuyaweka wazi, na miongoni mwayo ni hilo la kujitambulisha.

Bado wapo wanaoudharau

La kusikitisha ni kwamba hadi leo wapo mabingwa wanaouona utafiti huu kuwa porojo. Mnamo 2016 wasomi 76 kutoka nchi 11, wakiongozwa na Profesa Trisha Greenhalgh wa Uingereza, waliwaandikia barua ya wazi wahariri wa jarida la tiba la BMJ wakilalamikia desturi ya kuzikataa kazi za namna hii kwa madai kwamba si za kipaumbele. Ajabu ni kwamba jarida hilo hilo ndilo lililochapisha mfululizo wa makala ya kuwafunza madaktari njia hizi mnamo 1995.

Anayedhani ni porojo na akumbuke Ebola. Ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 11,000 katika Afrika Magharibi kati ya 2014 na 2016, hasa katika nchi za Guinea, Liberia na Sierra Leone. Mazishi yalikuwa mojawapo ya njia kuu za maambukizi, kwa kuwa jamaa waliugusa na kuuosha mwili. Waliovaa mavazi ya kujikinga walifika, wakauchukua mwili na kuuzika haraka. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya familia zilianza kuwaficha wagonjwa na maiti. Ilibidi wanaanthropolojia na viongozi wa dini waketi na wenyeji na kuuliza ni jambo gani katika mazishi lisiloweza kuachwa, na lipi linaloweza kubadilishwa. Mnamo Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa mazishi yaliyo salama na yenye heshima, unaoruhusu familia kuwapo na sala kusomwa. Virusi vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni namna ya kuzungumza na waliofiwa.

Ukihojiwa, dai haki zako

Sasa nikugeukie wewe unayehojiwa. Utafiti kama huu huingia ndani ya maisha ya mtu kuliko hojaji. Kwa sababu hiyo, kabla ya kukuuliza lolote, mtafiti anapaswa kuwa na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti pamoja na leseni ya tume ya kitaifa ya sayansi, NACOSTI. Muombe akuonyeshe. Una haki ya kukataa, na kukataa hakuwezi kukunyima matibabu. Una haki ya kuruka swali, na ya kusimamisha mahojiano katikati. Uliza ni nani atakayeisikiliza sauti yako, itawekwa wapi na itafutwa lini. Sauti inayoweza kukutambulisha inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na kama unahojiwa katika kikundi, kumbuka kwamba mtafiti anaweza kuahidi kufunga mdomo wake, lakini hawezi kuifunga midomo ya majirani zako.

Nawe mwanafunzi, mtu akianza kulia mbele yako, zima kinasa sauti. Data inaweza kusubiri.

Maswali matatu ya kubeba

Si kila mhudumu wa afya atakayepata nafasi wala karo ya kusomea uzamili. Lakini sehemu ya elimu hii haihitaji karo. Mnamo 1978 daktari na mwanaanthropolojia wa Marekani, Arthur Kleinman, pamoja na wenzake, walipendekeza maswali machache ambayo daktari yeyote anaweza kumuuliza mgonjwa. Mimi huyatumia matatu kila siku katika kliniki yangu. Ugonjwa huu nyinyi mnauitaje? Unadhani umeletwa na nini? Na ni kitu gani unachokiogopa zaidi kuuhusu? Huchukua dakika mbili au tatu. Mara nyingi jibu la swali la tatu hunionyesha kwa nini mgonjwa hakumeza dawa niliyompa mwezi uliopita.

Ukienda kwa daktari naye asikuulize, mwambie wewe mwenyewe. Mwambie ulikopita kabla ya kufika kwake, hata kama ni kwa mganga, na umwambie unachokihofia. Daktari mwema hatakukaripia. Na akikukaripia, jua kwamba bado yuko darasa la chini, kama nilivyokuwa mimi usiku ule.

Yule mama sikumwona tena. Lau ningekutana naye leo nisingemuuliza alikuwa wapi. Ningeketi kando yake na kumwambia: pole mama, nieleze tangu mwanzo.